Skirvin: Hoteli yenye 'mzimu' inayowakesha mastaa wa NBA

KWENDA kucheza na Oklahoma City Thunder nyumbani kwao ni shughuli pevu. Hawa jamaa walibeba ubingwa wa NBA mwaka 2025 na kwao hakuna mteremko. Lakini wapo mastaa ambao presha huwapanda mapema, usiku wa kabla ya mechi, wakishakabidhiwa ufunguo wa chumba katika Hoteli ya Skirvin.

Ni hoteli ya kifahari iliyopo katikati ya jiji, mwendo mfupi tu kutoka uwanjani, na kwa miaka mingi timu ngeni zimekuwa zikifikia hapo. Shida ni stori zake. Wanaume wenye miili ya kutisha wamewahi kulala taa zikiwaka, wengine wakaomba hifadhi chumbani kwa wenzao, kisa mzimu!

Kwa Watanzania jiji hili si geni. Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa namba mbili kwenye drafti ya NBA mwaka 2009 mbele ya James Harden na Stephen Curry, alivaa jezi ya Thunder kwa misimu miwili kuanzia 2012.

EFFIE NI NANI?

Skirvin ilifunguliwa mwaka 1911, wakati Oklahoma ikiwa na miaka minne tu tangu iwe jimbo la Marekani. Mwenyewe alikuwa tajiri wa mafuta, William Skirvin. Jengo lilianza na ghorofa 10, baadaye likaongezwa hadi 14.

Stori ya mtaani inasema tajiri huyo alikuwa na uhusiano wa siri na mhudumu wa vyumba aliyeitwa Effie. Binti akashika ujauzito, na ili kuficha aibu akafungiwa ghorofa ya 10. Alipojifungua bado hakuachiwa, mwisho akajirusha dirishani akiwa na mtoto mikononi. Tangu hapo, wanasema, husikika kilio cha mtoto usiku, milango hujifunga yenyewe na sauti ya mwanamke huwasemesha wanaume waliolala peke yao.

Sasa njoo kwenye ukweli. Waliofukua historia ya hoteli hiyo hawajapata ushahidi kwamba Effie aliwahi kuwepo. Kinachojulikana ni kwamba Skirvin alifariki dunia mwaka 1944, na hoteli ikafungwa mwaka 1988. Jengo likakaa tupu kwa karibu miongo miwili hadi lilipokarabatiwa na kufunguliwa tena 2007. Jumba kubwa hivyo likikaa giza katikati ya mji, lazima watu waongee.

Mwaka mmoja baadaye, 2008, timu ya Seattle SuperSonics ikahamishiwa Oklahoma City na kuitwa Thunder. Mji ukawa unapokea mastaa wa NBA kila msimu, na stori ya Effie ikapata wasikilizaji wapya.

KNICKS HOI

Januari 2010 ilikuwa zamu ya New York Knicks. Eddy Curry na Jared Jeffries, wote wakiwa na urefu wa karibu futi saba, waliwaambia waandishi wa habari kwamba hoteli ile ina mizimu. Curry, ambaye chumba chake kilikuwa ghorofa ya 10 ileile, alisema alilala saa mbili tu na muda mwingi alikuwa chumbani kwa mwenzake, Nate Robinson. Knicks wakachapwa pointi 106-88.

Mwaka 2016 Metta World Peace, wakati huo akiwa Los Angeles Lakers, naye alidai mizimu ilimgusagusa akiwa chumbani. Huyu hata hakuonekana kukasirika sana, aliieleza kama kituko.

Je, Knicks walifungwa na Effie? Hapana. Usiku ule Thunder walikuwa na Kevin Durant, na huyo hahitaji msaada wa mzimu kukufunga. Ila mchezaji aliyekesha hawezi kukimbia sawa na aliyelala.

KUNGUNI, SI MZIMU

Kisa kizito zaidi cha Skirvin hakina mzimu hata kidogo. Februari 21, 2016, Kyrie Irving wa Cleveland Cavaliers alicheza dakika tisa tu dhidi ya Thunder, akatoka akiwa hoi. Sababu? Kunguni! Alisema walimshambulia usiku hadi akakosa usingizi. Uongozi wa hoteli ulikiri kwamba kunguni walikutwa katika chumba kimoja, ukaomba radhi.

Cavaliers walishinda 115-92 bila yeye. Miezi minne baadaye, Irving huyohuyo akatupia pointi tatu za kuamua mchezo wa saba wa fainali dhidi ya Golden State Warriors, Cleveland wakawa mabingwa.

Kwa hiyo mtu pekee kati ya hawa ambaye chumba cha hoteli kilimtoa uwanjani, alitolewa na mdudu mdogo wa godoroni.

USINGIZI NDIO MPANGO

Sayansi nayo ina la kusema. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwataka wachezaji 11 wa kikapu wa chuo hicho walale muda mrefu kuliko kawaida kwa wiki kadhaa, wakilenga saa 10 kitandani kila usiku. Mitupo yao huru iliongezeka usahihi kwa asilimia 9, ya pointi tatu nayo vilevile, na mbio zao zikawa za kasi zaidi.

Utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha Brown mwaka 2016, ulionyesha kwamba mtu akilala mahali pageni usiku wa kwanza, upande mmoja wa ubongo hubaki macho kiasi, kama mlinzi getini. Kelele ndogo tu inamshtua.

Hapo ndipo Effie anapopata nafasi. Umelala jengo la zaidi ya miaka 100, mbao zinalia, upepo unapiga dirisha, na kwenye basi wenzako wamekupigia stori za mzimu njia nzima. Usingizi utatoka wapi?

TUSIWACHEKE

Tusijifanye wajanja kwa kuwacheka Wamarekani. Hapa kwetu tumeona timu zikikwepa mlango rasmi wa uwanja, zingine zikigoma kuingia vyumba vya kubadilishia nguo, na Bodi ya Ligi imeshatoza faini kwa mambo hayo. Wachezaji wanatangulia uwanjani vichwa vikiwa vimejaa hofu, kabla hata filimbi haijapulizwa.

Mwenyeji anafurahia tu. Akijua unaogopa, hana haja ya kufanya uchawi wowote, inatosha uamini kwamba ameufanya. Pesa inayotumika kutafuta kinga ingetosha kuwahisha timu siku moja kabla, kulipia vyumba tulivu na kumtuma meneja akague magodoro.

Wachezaji walale mapema. Effie hajawahi kufunga pointi hata moja.