Kiini Kilichogawanywa: Jinsi Mtandao wa Kituo cha Data Unavyojengwa na Kutunzwa

Kituo cha data ni jengo, au sehemu ya jengo, ambamo kompyuta nyingi za kutoa huduma, ziitwazo seva, huwekwa pamoja na kupatiwa umeme wa uhakika, hewa baridi na mawasiliano. Mtu anapotuma fedha kwa simu, anapotafuta matokeo ya mtihani au anapofungua barua pepe, kazi yake hufanywa ndani ya jengo la namna hiyo, pengine katika nchi ya mbali. Wageni wanaotembelea kituo cha data aghalabu hustaajabia wingi wa seva. Lakini seva elfu moja zisizoweza kuwasiliana si kituo. Ni ghala la kompyuta. Kinachozifanya zitende kazi kama chombo kimoja ni mtandao wa ndani.

Makala haya yanaeleza jinsi kiini cha mtandao huo kilivyoacha kuwa mashine kubwa mbili kikawa mashine ndogo nyingi zinazoshirikiana. Yanaeleza pia kwa nini kugawanya mashine peke yake hakutoshi, ikiwa amri zinazoziendesha hazikuwekewa mipaka.

Mpango wa zamani na upungufu wake

Seva hupangwa katika makabati ya chuma. Katika kila kabati huwekwa swichi, yaani kifaa kinachopokea pakiti za data kwa waya mmoja na kuzipeleka kwa waya mwingine zinakotakiwa. Katika mpango uliotawala hadi miaka ya 2000, swichi za makabati ziliunganishwa na swichi za kati, nazo swichi za kati zikaunganishwa na mashine kubwa mbili za kiini. Umbo lake ni la mti uliopinduliwa, shina likiwa juu na matawi yakiwa chini.

Mpango huo una upungufu wa namna tatu. Kwanza ni gharama. Mashine kubwa za kiini huuzwa kwa bei ya juu sana, na milango yake, yaani mahali pa kuchomeka nyaya, inapojaa hapana budi kununua nyingine kubwa zaidi. Hatimaye mnunuzi hufika mahali ambapo hakuna kiwanda kinachotengeneza kubwa kuliko aliyo nayo.

Pili ni njia zinazolala bure. Katika mitandao ya Etheneti, njia zikifanya duara pakiti huweza kuzunguka bila kikomo hadi mtandao wote ukasongwa. Mwaka 1985 mtaalamu wa Marekani, Radia Perlman, alibuni kanuni ya kuziwezesha swichi kulitambua duara na kuzifunga njia za ziada. Kanuni hiyo iliiokoa mitandao mingi, lakini ina bei yake: waya ulionunuliwa kwa fedha nyingi hukaa ukingoja siku ambayo mwenzake atakatika.

Tatu ni ukubwa wa hasara. Mashine za kiini zikiwa mbili na moja ikaharibika, nusu ya uwezo wa kituo hupotea kwa mara moja. Jambo hilo linafanana na mji uliogawanywa na mkono wa bahari, ambao watu wake huvuka kwa pantoni mbili. Pantoni moja ikienda matengenezoni, foleni hufika barabara kuu.

Upungufu huo ulizidi kuonekana tabia ya kazi ilipobadilika. Zamani sehemu kubwa ya data iliingia kutoka nje, ikaifikia seva moja, kisha jibu likatoka. Siku hizi swali moja la mtumiaji huweza kuifanya seva iliyolipokea iziulize seva nyingine nyingi: moja kuhusu akaunti, nyingine kuhusu picha, nyingine kuhusu usalama. Hivyo mazungumzo ya seva kwa seva yamekuwa mengi kuliko yale ya ndani kwa nje, na katika mti wa zamani mazungumzo hayo hulazimika kupanda hadi kileleni na kushuka tena.

Fikra iliyotoka katika simu

Ufumbuzi haukuanzia katika kompyuta. Mwezi Machi 1953, Charles Clos wa maabara ya Bell nchini Marekani alichapisha uchunguzi wake juu ya mitambo ya kuunganisha simu. Tatizo lake lilikuwa hili: ikiwa laini 10,000 zinaingia na laini 10,000 zinatoka, na kila laini inayoingia iweze kuunganishwa moja kwa moja na yoyote inayotoka, zitahitajika sehemu za kukutania 100,000,000. Clos alionyesha kwamba mtambo huo mmoja waweza kubadilishwa kwa safu tatu za mitambo midogo. Kwa hesabu yake, laini zile zile zinahitaji sehemu 5,970,000 tu, yaani chini ya asilimia 6, na wala hakuna simu itakayozuiwa maadamu laini ya anayepigiwa iko wazi.

Sharti lake ni kwamba safu ya katikati iwe na mitambo ya kutosha. Msomaji na achukue mfano wa mtambo wa safu ya kwanza wenye laini 100. Simu mpya ikitaka kupita, laini nyingine 99 za mtambo huo huweza kuwa zimekwisha kushika mitambo 99 ya katikati. Upande wa anayepigiwa nako, laini nyingine 99 huweza kuwa zimeshika mitambo 99 tofauti. Jumla ni 198. Kwa hiyo ikiwapo mitambo 199 katikati, mmoja lazima utakuwa huru, hata hali ikiwa mbaya namna gani.

Fikra hiyo ilirudi katika sura mpya. Mwaka 1985 Charles Leiserson alieleza jinsi kompyuta nyingi zinavyoweza kuunganishwa kwa mti ambao matawi yake huzidi kunenepa kadiri yanavyokaribia shina. Mwaka 2008 Mohammad Al-Fares, Alexander Loukissas na Amin Vahdat wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha kwamba swichi 2,880 za kawaida, kila moja ikiwa na milango 48, zaweza kuunganisha seva 27,648, na kila seva ikapata kasi kamili ya waya wake. Hapakuhitajika mashine kubwa hata moja.

Majani na uti

Umbo rahisi zaidi la mpango huu lina safu mbili. Safu ya chini ni swichi za majani, ambazo ndizo zinazopokea nyaya za seva. Safu ya juu ni swichi za uti, ambazo kazi yake ni kuyaunganisha majani tu. Kila jani huunganishwa na kila uti. Jani haliunganishwi na jani, wala uti hauunganishwi na uti.

Tuseme swichi zote zina milango 32. Kila jani litatoa milango 16 kwa seva na 16 kwa uti, kwa hiyo swichi za uti zitakuwa 16. Kwa kuwa kila swichi ya uti ina milango 32, majani yatakuwa 32. Matokeo yake ni seva 512 zinazohudumiwa na swichi 48 za aina moja. Baina ya seva mbili za majani tofauti ziko njia 16, zote zenye urefu ule ule: kupanda mara moja na kushuka mara moja. Swichi moja ya uti ikifa, kinachopotea ni sehemu moja ya 16 ya uwezo, yaani asilimia 6.25. Watumiaji wengi hawatatambua, na fundi ataweza kuibadilisha asubuhi bila kukurupuka usiku. Hapo ndipo mashine ndogo nyingi zinaposhinda mashine kubwa mbili.

Si lazima kila kituo kilipie kasi kamili. Jani lenye milango 48 ya seva, kila mmoja ukiwa wa gigabiti 10 kwa sekunde, laweza kupokea gigabiti 480. Likiwa na nyaya nne za gigabiti 40 kwenda juu, litapitisha gigabiti 160 tu. Uwiano huo wa tatu kwa moja huwa salama mahali ambapo seva hazisemi zote kwa pamoja, na huwa balaa mahali ambapo husema kwa pamoja. Mhandisi hana budi kupima mzigo kwanza.

Ukubwa wa mpango huu hauna mfano katika mti wa zamani. Mwaka 2015 kampuni ya Google ilieleza kwamba katika muda wa miaka kumi uwezo wa mitandao ya vituo vyake ulikuwa umeongezeka mara 100, na kwamba mtandao wake ulioitwa Jupiter uliweza kupitisha biti trilioni 1,300 kwa sekunde, ukiwa umejengwa kwa vipande vya silikoni vya aina inayouzwa sokoni.

Namna pakiti zinavyochagua njia

Njia 16 hazina maana ikiwa pakiti zote zitafuata moja. Ndiyo sababu kila swichi huwa na orodha ya njia zilizo sawa, na huzigawa pakiti baina yake. Ugawaji haufanywi kwa kila pakiti peke yake, kwani pakiti za mazungumzo mamoja zikipita njia tofauti huweza kufika bila utaratibu. Badala yake swichi huchukua anwani ya mtumaji, anwani ya mpokeaji na namba za milango ya programu zao, ikazipitisha katika kanuni ya hesabu, na jibu likaonyesha njia. Mazungumzo mamoja hufuata njia moja daima, na mazungumzo mengi hutawanyika.

Upo udhaifu hapa. Mazungumzo mawili makubwa, kwa mfano kunakili hifadhi mbili za kumbukumbu, huweza kwa bahati mbaya kuangukia njia moja ilhali nyingine 15 zina nafasi. Njia zikiwa nyingi uwezekano huo hupungua, lakini hauishi.

Habari za njia zipi ziko hai huenezwa na swichi zenyewe. Katika vituo vikubwa imezoeleka kutumia itifaki ya BGP, ambayo asili yake ni kuunganisha makampuni ya intaneti. Mwongozo wa matumizi hayo ulichapishwa mwaka 2016. Kila swichi huwaambia jirani zake inakoweza kufika. Waya ukikatika, jirani hutambua, huifuta njia hiyo, na kazi huendelea kwa zilizobaki. Hakuna swichi mkuu anayengojewa atoe amri.

Kazi ya kutunza

Wingi wa mashine huleta mzigo wake. Katika mfano wa seva 512, nyaya kati ya majani na uti peke yake ni 512, na waya mmoja uliochomekwa pasipo pake huharibu ulinganifu wote. Kwa hiyo mpangilio wa swichi hauandikwi kwa mkono moja moja, bali hutolewa na programu kutokana na ramani moja ya kituo, na programu hiyo hukagua kama kila waya uko mahali pake.

Hitilafu iliyo ngumu zaidi si ya kifaa kilichokufa, bali ya kifaa kilicho nusu hai. Waya wa nyuzi za kioo wenye vumbi huweza kupoteza pakiti chache katika kila elfu. Swichi huuona u hai, hivyo haiuachi. Mazungumzo yanayoangukia waya huo husuasua na mengine hupita salama. Mtumiaji mmoja hulalamika, na jirani yake hushangaa analalamikia nini. Mwaka 2015 watafiti wa Microsoft walieleza mfumo wao uitwao Pingmesh, ambamo seva zenyewe hutumiana ujumbe mdogo wakati wote na kupima muda wa majibu. Kwa kulinganisha vipimo hivyo, mahali palipo na ugonjwa hujulikana. Kisha njia yenye kasoro huondolewa kazini taratibu kabla ya kuguswa.

Fundisho la mwaka 2021

Tarehe 4 Oktoba 2021 huduma za Facebook, WhatsApp na Instagram zilikatika duniani kote kwa muda wa saa sita hivi. Kampuni ilieleza kwamba katika matengenezo ya kawaida ilitolewa amri ya kupima uwezo wa mtandao unaounganisha vituo vyake, na amri hiyo ikaikata miunganisho yote bila kukusudiwa. Chombo kilichopaswa kuizuia kilikuwa na kasoro. Seva za majina nazo, zilipoona haziwezi kufikia vituo vya data, ziliacha kuutangazia ulimwengu anwani zake, na zana za ndani ambazo wahandisi wangezitumia kutengeneza zikazimika pia.

Mtandao huo ulikuwa ule wa baina ya vituo, si wa ndani ya kituo kimoja, lakini fundisho ni lile lile. Mashine zilikuwa nyingi na njia zilikuwa nyingi. Kilichokuwa kimoja ni amri. Kwa sababu hiyo wasimamizi waangalifu hubadilisha sehemu moja ya uti kwanza, wakapima, wakangoja, ndipo wakaendelea na nyingine. Pia huweka njia ya pili ya kuzifikia swichi, isiyotegemea mtandao unaotengenezwa.

Mambo haya hayawahusu matajiri peke yao. Hospitali, benki au chuo chenye makabati sita chaweza kujenga kwa swichi nne ndogo za uti badala ya kununua mashine kubwa mbili, na kikipoteza moja kitapoteza robo badala ya nusu. Kabla ya kutia sahihi mkataba wa ununuzi, mkuu wa kituo anapaswa kudai majibu ya maswali mawili: kifaa hiki kikifa, ni sehemu gani ya kazi itakayosimama? Na amri hii ikiwa na kosa, itafika wapi kabla haijazuiwa? Muuzaji huwa na jibu la swali la kwanza. La pili halimo katika orodha ya bei, na kituo chenyewe ndicho kinachopaswa kulijibu.