Mathenge, Mbono au Gugumaji: Pesa ya Moto Iende Wapi?

Mmea wa porini haununuliwi, lakini moto wake una bei. Utalipia kukata, kukausha, kukamua na kubeba. Kama bajeti ya jikoni imebana, linganisha mimea hii mitatu kabla hujatoa senti.

Makaa ya mathenge. Mti huu ulipandwa Baringo miaka ya 1980 kupambana na ukame, ukavamia malisho huko, na hata Garissa na Tana River. Makaa yake ni mazito, yanachelewa kushika, ila yakishashika yanadumu. Kwa maharagwe na githeri, hapo umepata. Kwa chai ya asubuhi utangoja. Angalia mambo mawili: nauli ya gunia, na vumbi lililojazwa chini. Mzigo usio na kibali ukikamatwa njiani, pesa uliyotanguliza imekwenda. Ukitaka kuchoma mwenyewe, jua kwamba tanuri la udongo hutoa takriban kilo 10 hadi 20 za makaa kwa kilo 100 za kuni kavu, na miiba yake inatoboa ndala.

Mafuta ya mbono kaburi. Kwa mashine ya mkono, lita moja hula kilo 4 hadi 5 za mbegu, na matunda hayaivi kwa pamoja, kwa hiyo utarudi kuchuma tena na tena. Mafuta ni mazito, hayapandi vizuri kwenye utambi. Jiko la mafuta ya taa litaziba. Mashudu nayo ni sumu kwa mifugo. Kama tayari una ua wa mbono, kamulia sabuni. Usiupande kwa ajili ya sufuria.

Gugumaji. Ziwani Kisumu na Homa Bay limejaa tele, lakini takriban asilimia 90 yake ni maji, na likikauka linaacha majivu mengi. Likikatwakatwa na kuchanganywa na samadi hutoa biogesi, ila mtambo hulipiwa mwanzoni. Wasio na ng'ombe wasijisumbue.

Mwenye pesa kidogo anunue mathenge, tena kwa kilo. Tikisa gunia, mwaga vumbi, pima yaliyobaki, kisha gawa bei kwa kilo hizo. Tumia jiko lenye udongo ndani, na upikie penye hewa, kwani gesi ya makaa isiyoonekana inaua. Anza na debe moja: jiko likiivisha maharagwe bila kuongezewa makaa, chukua gunia.