Kilo mbili ndani ya siku tatu

Daftari lenyewe ni la shule, la mistari, jalada limeanza kuchanika pembeni. Kila ukurasa umepigwa rula safu tatu: tarehe, kilo, maelezo. Hati ni ya mtoto. Mwenye daftari ni bibi wa miaka sabini na ushee mwenye moyo uliotanuka, na macho yake hayasomi tena namba za mizani. Kila alfajiri mjukuu wake wa darasa la sita humpandisha bibi kwenye mizani, husoma, huandika, kisha huvaa sare na kwenda shule.

Nililikuta mezani kwa muuguzi wa kliniki ya moyo jijini Dar es Salaam, na ukurasa mmoja umekataa kunitoka kichwani. Jumatatu, 61.0. Jumanne, 61.2, na pembeni: "arusi kwa jirani". Jumatano, 62.3: "bibi kala ng'onda". Alhamisi, 63.4: "miguu imevimba, kalalia mito mitatu". Chini ya Alhamisi kuna mstari wa wino mwekundu wa muuguzi, na neno moja: "Hongera."

Mtu kaongezeka zaidi ya kilo mbili, kavimba, halali vizuri, halafu anapewa hongera? Ndilo swali lililonifanya nirudi kuongea na muuguzi huyo, mama wa makamo aliyeomba nisimtaje jina.

"Hongera ni ya simu," alisema. "Walinipigia Alhamisi ile ile, kabla ya saa mbili asubuhi. Zamani bibi angevumilia mpaka wiki inayofuata, tumpokee kwenye kiti cha magurudumu anatweta, hawezi hata kutaja jina lake."

Siku ile alimweleza daktari, dozi ya dawa ya kukojoa ikaongezwa kwa siku chache, na ng'onda ikaondolewa jikoni. Jumanne iliyofuata daftari linasema 61.3. Bibi hakulazwa.

Hesabu ya kilo hizo ni rahisi. Moyo ukichoka kusukuma damu, figo hubakiza maji na chumvi mwilini. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. "Hakuna anayenenepa kilo mbili kwa siku tatu kwa sababu ya ugali," anasema muuguzi. "Hayo ni maji." Ndiyo maana miongozo ya madaktari wa moyo wa Ulaya humtaka mgonjwa achukue hatua uzito ukipanda ghafla kwa zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3. Mara nyingi mizani hutangulia kuonya kabla pumzi haijakata. Ila ipandwe kwa utaratibu: asubuhi, baada ya kutoka msalani, kabla ya chai, nguo nyepesi, mizani ile ile.

Tangu 2015 tuna Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, na upasuaji ambao zamani uliwalazimu wengi kupanda ndege kwenda India hufanyika hapa hapa. Hilo magazeti tumeliandika sana. Kinachoandikwa kidogo ni maisha ya mgonjwa baada ya kuruhusiwa. Utafiti uliowafuatilia wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi tisa za Afrika, uliochapishwa 2012, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52, na kisababishi kikuu ni presha. Ndani ya siku 180, karibu 18 kati ya kila 100 walikuwa wamefariki. Wengi wa umri huo bado wanalisha familia na kusomesha.

Muuguzi huyu haamini sana katika kuhutubia. Akishaeleza, humgeuzia mgonjwa kibao. "Haya bibi, sasa nifundishe mimi. Ukiamka kesho mizani ikasema 63, unafanyaje?" Bibi akijibu "namwambia mjukuu akupigie, mwanangu", somo limeingia. Akijibu "nitapunguza kunywa uji", wanaanza upya, bila kugombezana.

Kwa njia hiyo amegundua mambo ambayo hayamo kwenye faili. Wagonjwa wengi huacha dawa ya kukojoa siku ya safari, kwa sababu daladala haisimami kwa ajili ya mtu mwenye haja. Badala ya kuwafokea, hupanga nao saa: siku ya safari, imezwe baada ya kufika. Wengine hujitibu maumivu ya mgongo kwa diklofenaki au ibuprofeni za duka la dawa, bila kujua kwamba dawa hizo hubakiza maji na huweza kuurudisha moyo pabaya. Wapo wanaofunga Ramadhani na kuhamisha dawa zote usiku bila kumwuliza yeyote. "Mgonjwa anakuficha kwa sababu anakuogopa," anasema. "Akikuogopa, umeshamkosa."

Chumvi ndiyo vita kubwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai. Nyingi huingia kwa mlango wa nyuma: ng'onda, dagaa wa kukaushwa kwa chumvi, vidonge vya mchuzi, mkate. Ushauri wa muuguzi ni wa jikoni: pakua cha mgonjwa kwanza, ndipo utie chumvi chungu cha wengine, chake kiungwe kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu.

Na mgonjwa asifungiwe ndani. Familia nyingi humkalisha mgonjwa wa moyo kitini kwa huruma, mpaka misuli inalegea na roho inanyong'onyea. Akishatulia na daktari akaridhia, atembee kila siku kwa mwendo unaomruhusu kuongea. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo.

Kazi hii ya muuguzi si ya ziada. Utafiti wa mwaka 1995 kutoka St. Louis, Marekani, uliwagawa wazee 282 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi. Kundi moja lilihudumiwa kama kawaida. La pili lilipata mafunzo na ufuatiliaji wa karibu ulioongozwa na muuguzi. Katika kundi hilo la pili, kurudi kulazwa kwa sababu ya moyo kushindwa kufanya kazi kulipungua kwa zaidi ya nusu.

Lakini muuguzi wetu hufanya haya kwenye foleni isiyokwisha, na vocha ya simu hutoka mfukoni mwake. Akilala, nani anapokea? Na asiye na mizani nyumbani? Wapo wanaopimwa na vijana wa mizani vituo vya mabasi, wamevaa viatu, wameshiba, jua la saa nane. Namba hiyo inamsaidia nani? Hao muuguzi huwafundisha kubonyeza muundi kwa kidole gumba na kuangalia kama shimo linabaki, au kama kandambili zimeanza kubana. Anakiri kwamba miguu mara nyingi huvimba wakati maji yameshakuwa mengi.

Na yule mtoto wa darasa la sita? Anaifanya kazi ya ufuatiliaji kwa uaminifu mkubwa. Je, ni haki abebe mzigo huo peke yake? Akifaulu na kwenda shule ya bweni, nani atasoma mizani? Nilimwuliza muuguzi. Alinyamaza, kisha akasema, "Hilo nalo linanikosesha usingizi."

Msomaji, kama kwenu kuna mgonjwa wa moyo anayekaribia kuruhusiwa, msitoke wodini na mfuko wa dawa peke yake. Mwulizeni muuguzi: leo ana kilo ngapi? Zikifika ngapi tupige simu? Na tumpigie nani? Andikeni majibu. Akikosa pumzi akiwa ametulia, akibanwa na kifua au akizimia, msisubiri mizani wala simu. Mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo.