Kwa Nini Maagizo ya Dawa Hupotea Kabla Hujafika Nyumbani

Mgonjwa wa malaria anatoka kwenye dirisha la dawa la zahanati akiwa na pakiti ya vidonge vya AL. Ameambiwa ameze 4 sasa hivi, 4 vingine baada ya saa 8, kisha 4 asubuhi na 4 jioni kwa siku 2 zinazofuata. Ale kitu kwanza, hasa chakula chenye mafuta kidogo, au anywe maziwa. Asiache dawa hata akipata nafuu. Hiyo ndiyo dozi ya kawaida ya mtu mzima: mara 6 kwa siku 3, jumla ya vidonge 24. Maelezo yote hayo yametolewa kwa muda usiozidi dakika moja, kwa mtu mwenye homa na kichwa kinachouma, huku foleni ikisonga nyuma yake.

Akifika kwenye steji ya matatu, amebaki na mangapi?

Mtafiti wa Uholanzi, Roy Kessels, alipitia tafiti zilizokuwa zimefanywa kuhusu jambo hili na kuchapisha matokeo yake mwaka wa 2003. Alieleza kuwa wagonjwa husahau papo hapo kati ya asilimia 40 na 80 ya wanayoelezwa na wahudumu wa afya. Katika yale wanayodhani wanayakumbuka, karibu nusu huwa wameyakumbuka vibaya. Tena, kadiri maelezo yanavyokuwa mengi, ndivyo sehemu inayopotea inavyozidi kuwa kubwa.

Huu si ujinga wala uzembe wa wagonjwa. Ndivyo ubongo wa binadamu unavyofanya kazi, na anayeelewa kazi hiyo anaweza kuisaidia.

Kumbukumbu hupitia hatua tatu: kupokea habari, kuihifadhi, na kuirejesha inapohitajika. Hatua ya kwanza ndiyo nyembamba kuliko zote. Jambo jipya hukaa kwanza mahali padogo pa muda mfupi, mithili ya kibanda cha soko kisichotosha mizigo mingi. Mwaka wa 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, alikadiria kuwa mtu anaweza kushikilia hapo mambo 7 hivi kwa wakati mmoja. Watafiti waliokuja baadaye wamepunguza makadirio hayo hadi 4 hivi. Ndiyo maana namba ya simu yenye tarakimu 10 tunaitamka kwa mafungu, na ndiyo maana mtu akikusalimu kabla hujaipiga, inabidi uiulize upya. Katika jaribio la mwaka wa 1959, watu walipewa herufi 3 tu wazikumbuke, kisha wakaambiwa wahesabu kurudi nyuma ili wasipate nafasi ya kuzirudia kimoyomoyo. Baada ya sekunde 18, wengi walikuwa wamezipoteza.

Sasa mfikirie mgonjwa wetu. Ameelezwa mambo yapatayo 7, na kabla hajayapanga anaulizwa kama ana kadi ya kliniki ya mtoto.

Kinachofanikiwa kupita hapo huhifadhiwa kwa msaada wa sehemu ndogo iliyo ndani kabisa ya ubongo, inayoitwa hipokampasi. Mengi tunayojua kuihusu yalitokana na masaibu ya mtu mmoja. Mwaka wa 1953, Mmarekani Henry Molaison, aliyekuwa na umri wa miaka 27 na akisumbuliwa mno na kifafa, alifanyiwa upasuaji ulioondoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku hiyo hakuweza tena kuhifadhi jambo jipya. Mtafiti Brenda Milner alimfanyia vipimo kwa miaka mingi, na kila walipokutana ilikuwa kama wanaonana kwa mara ya kwanza. Hata hivyo, alipofundishwa kuchora umbo huku akitazama kiooni, mkono wake ulizidi kuwa hodari siku baada ya siku, ingawa yeye mwenyewe hakukumbuka kuwa aliwahi kufundishwa. Alifariki mwaka wa 2008. Kutokana naye ilibainika kwamba ujuzi wa mikono na kumbukumbu ya matukio havihifadhiwi kwa njia moja.

Jambo hilo linawahusu wazee wetu. Ugonjwa wa Alzheimer hushambulia hipokampasi mapema. Bibi anaweza kusuka kikapu bila kukosea na kusimulia mambo ya ujana wake, lakini asijue kama asubuhi hii amemeza dawa ya presha. Akiuliza swali lilelile mara tano, si ukaidi, na hakika si uchawi. Apelekwe hospitalini akapimwe, na dawa zake zisimamiwe na mtu mwingine nyumbani.

Kwa aliye na afya njema pia, kilichohifadhiwa hupungua upesi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na mwaka wa 1885 akachapisha alichokiona. Kwa kipimo chake, baada ya saa 1 zaidi ya nusu ilikuwa imepotea. Baada ya siku 1 ilibaki theluthi hivi. Kuanzia hapo usahaulifu hupunguza kasi. Hasara kubwa, basi, hutokea mwanzoni, wakati mgonjwa angali njiani kurudi nyumbani.

Hatua ya tatu ndiyo inayotudanganya zaidi. Tunapokumbuka, hatufungui sanduku na kukuta kitu kama tulivyokiweka. Ubongo hujenga upya, na palipo na pengo hujaza kwa kile ulichokizoea. Mwingereza Frederic Bartlett alionyesha hayo katika kitabu chake cha mwaka wa 1932. Aliwapa wasomaji hadithi ngeni kutoka kwa wenyeji wa Amerika Kaskazini, na kila walipoisimulia tena, yaliyokuwa mageni kwao yalitoweka au yakageuzwa kuwa ya kwao. Mtu aliyezoea dawa za maumivu za kutwa mara tatu anaweza vivyo hivyo kumeza AL mara tatu kwa siku, na akaapa kwamba ndivyo alivyoambiwa.

Lugha yetu nayo huongeza mtego wake. Ukisema “baada ya saa nane”, mwingine atasikia muda wa saa nane, mwingine atasikia alasiri, saa ikishapita nane. Aliyemeza dozi ya kwanza saa 4 asubuhi anapaswa kumeza ya pili saa 12 jioni. Mwombe mhudumu akuandikie saa yenyewe kwenye pakiti. Mwombe pia akusomee alama alizoandika: 2×3 maana yake ni vidonge 2, mara 3 kwa siku, wala si vidonge 6 kwa mpigo.

Lakini dawa bora ya kusahau haihitaji hata kalamu. Mwaka wa 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, watafiti wa Marekani, waliwagawa wanafunzi: baadhi wasome makala tena na tena, wengine waisome kisha wajaribu kuieleza bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki 1, waliojaribu kueleza wenyewe ndio waliokumbuka zaidi. Kujilazimisha kukumbuka ndiko kunakokaza kumbukumbu. (Wazazi wenye watoto wanaojiandaa kwa mtihani, hili linawahusu pia.)

Kwa hivyo usiondoke dirishani kabla hujaeleza kwa maneno yako utakavyomeza dawa. Mhudumu akiuliza, “Umeelewa?” karibu kila mtu hujibu, “Ndiyo, daktari,” na jibu hilo halimsaidii yeyote. Mwambie, “Hebu niseme nilivyosikia, unisahihishe.” Ukiwa mgonjwa sana, nenda na mtu. Ukifika nyumbani, mweleze mwingine tena, uweke kengele ya simu, na uifungamanishe dawa na jambo ambalo halikosekani kila siku, kama chai ya asubuhi. Mhamasishaji wa afya ya jamii anapokutembelea, mwonyeshe pakiti na umweleze unavyomeza. Kwa mtoto, dozi hutegemea uzito wake, kwa hivyo usikisie kwa kukumbuka aliyopewa ndugu yake mwaka jana.

Wapo wanaoona haya kuuliza mara ya pili, hasa foleni ikiwa ndefu. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mhudumu, inapowezekana, kumweleza mgonjwa kuhusu hali yake na matibabu yake kwa lugha anayoielewa, kwa kuzingatia pia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Kama maelezo yalitolewa kwa Kiswahili au Kiingereza na hukuyapata vizuri, omba yarudiwe kwa lugha unayoizungumza nyumbani, hapo hapo kituoni, kabla ya kupanda matatu.