Kabla mashine zinazojiongoza hazijafika Salamabila

Asubuhi ya Salamabila, kusini mwa Maniema huko Kongo, huanza na mlio wa mawe. Mtu ameketi juu ya kiroba, anatwanga jiwe lenye dhahabu mpaka liwe unga. Mwenzake anamimina maji kwa karai juu ya ubao uliotandikwa kitambaa, macho hayabanduki hapo. Mshahara hana, anangoja fungu lake baada ya mwenye shimo, yule wanayemwita PDG, kuchukua la kwake. Ni kazi ya hatari na yenye kipato cha kubahatisha. Lakini akichoka, hupumzika, na hakuna mashine inayomhesabia dakika.

Ajira ya mikataba nayo ilifika hapahapa. Mgodi wa Namoya, uliokuwa wa kampuni ya Banro ya Kanada, ulitangaza kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Julai 2019 wafanyakazi wanne walitekwa nyara, na Septemba kazi ikasimamishwa kwa kukosa usalama. Mshahara hauwezi kumtia moyo mtu ambaye mkewe hana hakika kama atarudi jioni.

Sasa dhahabu ya Kongo ina sura nyingine. Kibali, huko Haut-Uélé, mgodi wa Barrick, AngloGold Ashanti na SOKIMO, una mashine za kubeba mawe zinazojiongoza zenyewe chini ya ardhi. Dereva wa jana leo ameketi chumbani juu ya ardhi, mbele ya skrini, akisimamia mashine kadhaa kwa pamoja. Hilo ni jema, nalisema bila kusita: vumbi halimfikii, wala mwamba ukiporomoka haumkuti. Ila mzigo umehama tu, umetoka mgongoni ukaingia kichwani. Na pale mtu mmoja anapoongoza mashine kadhaa, wale wengine waliokuwa wakiziendesha lazima watafutiwe kazi nyingine.

Mzigo wa kichwani si wa kudharau. Nairobi imekwisha kuuona. Mwaka 2023 jarida la TIME lilifichua kwamba vijana waliochambua maandishi machafu ili kuifunza akili bandia ya OpenAI, kupitia kampuni ya Sama, walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Katika kesi nyingine, ya wachujaji wa maudhui ya Facebook dhidi ya Meta na Sama, hati za mahakamani zilionyesha kwamba watu 144 waliopimwa na daktari Ian Kanyanya wa Hospitali ya Kenyatta walikuwa na maradhi ya akili yatokanayo na mshtuko. Hao walifanya kazi ofisini.

Kwa hiyo mwekezaji akija kusini mwa Maniema na mashine zenye akili, tusishangilie mashine kwanza. Sheria ya madini ya Kongo ya 2018 inaidai kampuni iandikiane na wananchi daftari la masharti, na itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Machifu, vyama vya wachimbaji na akina mama wa Salamabila, andikeni humo mambo matatu: vijana wa hapa wafundishwe kuketi mbele ya skrini hizo, zamu ziwe na mapumziko yanayoheshimiwa, na zahanati iwe na mganga wa akili. Yaandikeni kabla ya kutia saini.