Kuchagua Pikipiki Iliyokwisha Kutumika kwa Safari Ndefu za Kila Siku

Katika sehemu nyingi za Tanzania, mwalimu, bwana shamba au mhudumu wa zahanati huishi mbali na mahali pake pa kazi, na basi, kama lipo, hupita mara moja au mbili tu kwa siku. Mtu wa namna hiyo akisha kudunduliza fedha, aghalabu hununua pikipiki iliyokwisha kutumiwa na mtu mwingine, kwa kuwa bei ya pikipiki mpya ni kubwa kuliko uwezo wake. Siku ya kununua huuliza mambo matatu: bei, kiasi cha petroli inayotumika, na upatikanaji wa vipuri. Maswali hayo ni ya haki kabisa. Lakini lipo swali la nne ambalo huachwa, ama kwa kudhaniwa kuwa ni la anasa, ama kwa kudhaniwa kuwa halina kipimo: je, mwili wa mpandaji utakistahimili chombo hicho?

Chukua mfano wa mwalimu anayeishi kilomita 30 kutoka shuleni. Kwa siku husafiri kilomita 60. Akienda kazini siku 200 kwa mwaka, atakuwa amesafiri kilomita 12,000, umbali unaokaribia kipenyo cha dunia, ambacho ni kilomita 12,700 hivi. Kwa mwendo wa wastani wa kilomita 40 kwa saa, atakuwa amekaa juu ya kiti cha pikipiki saa 300. Maumivu ya kiuno, ganzi ya vidole na uchovu uletwao na saa hizo zote humfuata darasani asubuhi, na jioni humpunguzia wepesi wa kukwepa hatari barabarani.

Starehe ya pikipiki, kwa hiyo, si ulaini wa kiti peke yake. Ni jumla ya mambo kadhaa ya fizikia, na mengi kati yake yanaweza kupimwa kwa futi kamba, uzi na hesabu ya kidato cha pili kabla fedha hazijatoka mfukoni.

MITETEMO NA MWILI WA BINADAMU

Mwaka 1885 Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach, huko Ujerumani, waliunda chombo cha magurudumu mawili makubwa kilichoendeshwa kwa injini ya petroli. Magurudumu yake yalikuwa ya mbao, yakazungushiwa chuma, na hayakuwa na springi. Kila jiwe la barabarani liligonga moja kwa moja mwilini mwa mpandaji. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, John Boyd Dunlop alisajili hataza ya tairi lenye hewa. Tangu wakati huo kazi ya kuifanya pikipiki ipandike imekuwa ni kazi ya kupambana na mitetemo.

Mtetemo huelezwa kwa mambo mawili: ukubwa wake, na marudio yake, yaani idadi ya mitetemo katika sekunde moja, ambayo hupimwa kwa hezi. Mwili wa mtu aliyeketi nao una marudio yake ya asili. Ukitikiswa juu na chini kwa hezi 4 hadi 8, kiwiliwili huitikia na kutikisika zaidi ya kiti chenyewe, kama vile bembea inavyopanda juu zaidi inaposukumwa kwa wakati wake. Kiwango cha kimataifa cha ISO 2631, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1974, kiliitaja sehemu hiyo ya marudio kuwa ndiyo inayouelemea mwili zaidi katika mitetemo ya wima.

Sasa itazame barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati. Ikiwa umbali kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ni sentimita 75, pikipiki inayokwenda kilomita 20 kwa saa, yaani mita 5.6 kwa sekunde, hupokea mapigo 7.4 kwa sekunde. Hayo yamo ndani ya eneo lile lile la hatari. Kwa kilomita 40 kwa saa mapigo hufika karibu 15 kwa sekunde, na kiwiliwili huyasikia kidogo kuliko hapo awali. Hata hivyo mpandaji asidanganyike akaongeza mwendo, kwa maana tairi linalorukaruka juu ya migongo hiyo hupoteza mshiko wake, na breki hazishiki vema.

Mikono nayo ina shida yake. Mwaka 1918 daktari wa Marekani, Alice Hamilton, aliwachunguza wachonga mawe wa jimbo la Indiana waliotumia nyundo za hewa, akakuta vidole vyao vinakufa ganzi na kugeuka vyeupe wakati wa baridi. Mitetemo ya usukani wa pikipiki ni midogo kuliko ya nyundo hizo, lakini njia yake ya kudhuru mishipa ya damu na ya fahamu ni ile ile, na muda wa kuipokea ndio huamua. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002 iliweka mchapuko wa mita 2.5 kwa sekunde mraba, kwa siku ya saa 8, kuwa kiwango ambacho mwajiri akikifikia hana budi kuchukua hatua kuikinga mikono ya wafanyakazi wake.

INJINI

Pikipiki nyingi ndogo zina silinda moja. Pistoni inapopanda na kushuka, kani yake haisawazishwi kikamilifu, na injini nzima hutikisika mara moja kwa kila mzunguko. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika hutetema kwa hezi 100. Kani hiyo huongezeka kwa mraba wa mwendo wa injini: ukitoka mizunguko 4,000 ukafika 6,000, mwendo umezidi mara 1.5, lakini kani ya kutikisa imezidi mara 2.25.

Hapo pana funzo kwa mnunuzi. Pikipiki ndogo yenye uwezo wa kufika kilomita 70 kwa saa kwa kukamuliwa humtesa mpandaji wake zaidi kuliko nyingine inayofika hapo huku injini ikizunguka taratibu. Kwa sababu hiyo, kwa safari ya kilomita 60 kwa siku katika barabara kuu, injini ya sentimita za ujazo 125 au 150 mara nyingi hufaa kuliko ya 100, ingawa hutumia petroli zaidi kidogo. Baadhi ya injini zina mhimili wa ziada wa kusawazisha, unaozunguka kinyume ili kuipunguza kani hiyo. Ni vizuri kumwuliza fundi kama aina inayouzwa inao.

Usahili wa injini nao ni jambo la kuzingatiwa. Honda CG125, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1976, ilibuniwa makusudi kwa ajili ya nchi ambako matunzo ni haba, na injini nyingi za pikipiki za China zilizoenea Afrika Mashariki hufuata muundo wake. Injini ya namna hiyo ikichakaa, fundi wa kijijini huweza kuirudisha katika hali nzuri.

Kipimo chake ni chepesi. Mnunuzi aiendeshe pikipiki kwa mwendo ule ule atakaoutumia kila siku, katika barabara salama, kwa muda usiopungua dakika 15, kisha atupe jicho katika kioo cha pembeni. Ikiwa taswira imetulia, injini imetulia. Ikiwa magari ya nyuma yanaonekana kama ukungu, basi mtetemo ni mkubwa, na yafaa kuchunguzwa kama boliti zinazoishika injini zimelegea.

SPRINGI NA SHOKAPU

Kwa mujibu wa Kanuni ya Hooke, springi hubonyea kwa kadiri ya uzito unaoikandamiza. Kutokana na kubonyea huko, marudio ya asili ya springi huweza kukadiriwa kwa kanuni fupi: gawanya 5 kwa kipeuo cha pili cha idadi ya sentimita zilizobonyea. Jibu ni katika hezi.

Jaribio lenyewe hufanywa na watu wawili. Kwanza, springi za nyuma ziwekwe katika nafasi laini kuliko zote. Pikipiki isimamishwe kwa stendi kubwa ili gurudumu la nyuma lining'inie, kisha upimwe umbali kutoka kitovu cha gurudumu hadi alama iliyo wima juu yake kwenye fremu. Halafu stendi iondolewe, mnunuzi aketi, na umbali ule ule upimwe tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo kubonyea kwa springi.

Ikiwa imebonyea sentimita 4, marudio yake ni 5 kugawanya kwa 2, yaani hezi 2.5, ambayo iko chini ya eneo linaloulemea mwili. Ikiwa imebonyea sentimita 1 tu, marudio ni hezi 5, na hapo springi yenyewe inatikisika pamoja na kiwiliwili badala ya kukikinga. Springi za namna hiyo huweza kukutwa katika pikipiki iliyokuwa ikibeba magunia au abiria, ambayo mwenyewe aliifunga springi ngumu zaidi. Kwa upande mwingine, springi ikibonyea zaidi ya nusu ya nafasi yake yote, imechoka, na itagonga mwisho kwenye kila shimo. Kwa kawaida theluthi moja ya nafasi hiyo ni kipimo kizuri.

Springi hurudisha; shokapu hutuliza. Bonyeza kiti kwa nguvu, kisha kiache. Kinapaswa kupanda mara moja na kutulia. Kikicheza mara mbili au tatu, shokapu zimekwisha. Mafuta yaliyotapakaa kwenye nguzo za mbele ni dalili ya sili zilizopasuka.

PEMBETATU YA MKAO

Kiti, usukani na vikanyagio vya miguu hufanya pembetatu, na mwili hauna budi kuingia ndani yake. Mgongo uwe wima au uiname kidogo tu mbele, viganja vinyooke na mikono, viwiko vilegee, na pembe ya goti isipungue nyuzi 90. Miguu yote miwili iguse ardhi pikipiki inaposimama. Mtu mrefu anayenunua pikipiki fupi hukunja magoti, na uzito wake wote huangukia kwenye kiti badala ya kugawanyika na vikanyagio.

Kuhusu kiti, kanieneo ni kani kugawanya kwa eneo. Mpandaji anayekalia kwa kani ya nyutoni 500 juu ya sentimita za mraba 500 hupata kanieneo la nyutoni 1 kwa kila sentimita ya mraba. Kiti chembamba kinachompa nusu ya eneo hilo hulizidisha kanieneo mara mbili, na damu hupita kwa shida zaidi katika nyama zinazokandamizwa. Bonyeza sponji kwa kidole gumba: kikigonga bati lililo chini yake upesi, sponji imekufa.

YALIYOFICHIKA

Injini iwashwe ikiwa baridi, kwa maana injini iliyopashwa moto mapema huficha ugumu wa kuwaka. Moshi wa samawati huonyesha kuwa mafuta ya injini yanaungua. Uzi uliovutwa sawasawa pembeni mwa magurudumu yote mawili, upande wa kulia kisha wa kushoto, hufichua fremu iliyopinda kwa ajali. Gurudumu la mbele likiinuliwa, usukani uzunguke bila kukwama katikati. Cheni nyingi za pikipiki hizi zina hatua ya milimita 12.7, kwa hiyo hatua 40 zilizonyooshwa zipime milimita 508, na zikizidi 513 cheni imerefuka na itavuta kwa mishtuko. Kipimo cha kilomita kisiaminiwe peke yake, bali kilinganishwe na kuchakaa kwa mpira wa vikanyagio na meno ya sproketi. Mwisho, namba za chasi na injini zilingane na kadi ya usajili.

UAMUZI

Baada ya kupima, kasoro zigawanywe mafungu mawili. Sponji, cheni, matairi, sili na springi ni vitu vinavyobadilishika, na gharama yake hupunguzwa katika bei. Fremu iliyopinda, injini ndogo kuliko safari, na pembetatu isiyoulingana mwili ni kasoro zisizoondolewa kwa kipuri. Pikipiki yenye kiti kilichochanika lakini yenye mkao unaofaa ni ununuzi bora kuliko iliyopakwa rangi upya na yenye kiti kipya, lakini imepinda.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

1. Mpandaji wa kwanza huibonyeza springi sentimita 2.25, na wa pili sentimita 6.25. Kokotoa marudio ya asili kwa kila mmoja. Ni yupi aliye karibu zaidi na eneo linaloulemea mwili?

2. Pima umbali wa migongo katika barabara ya changarawe iliyo karibu na shule. Ni mwendo gani, katika kilomita kwa saa, unaoleta mapigo 5 kwa sekunde?

3. Kwa ruhusa ya mwenyewe, pimeni pembetatu ya mkao ya pikipiki moja, mkaichore kwa skeli, kisha mjadili ni kimo gani cha mpandaji kinachoifaa.