Gari la familia litakalohimili milima ya Mbeya na Iringa

KWA familia nyingi za Mbeya na Iringa, gari ni mali ya pili kwa thamani baada ya nyumba. Hununuliwa kwa akiba ya miaka mingi au kwa mkopo unaokatwa katika mshahara, na likiharibika mapema hakuna fedha nyingine ya kununua jipya. Hata hivyo, uamuzi huo mzito mara nyingi hufanywa kwa kutazama rangi, bei na herufi ya namba ya usajili, huku mambo yanayoamua uhai wa gari yakiachwa bila kuulizwa.

Swali ambalo mnunuzi hujiuliza ni gari gani halisumbui. Swali hilo halina jibu moja kwa nchi nzima, kwa kuwa gari linalofaa Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari na barabara tambarare, laweza kuchoka upesi Nyanda za Juu Kusini. Huku ni milima ndiyo inayolipima gari.

Milima na hewa nyepesi

Mji wa Iringa upo zaidi ya meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Jiji la Mbeya karibu meta 1,700. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi, na injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila meta 1,000 za kupanda. Kwa hiyo gari lenye injini ndogo, likiwa na watu watano na mizigo, hulazimika kukanyagwa mafuta kwa nguvu muda mrefu linapopanda Kitonga, au hata linapotoka Ipogolo kuingia Iringa mjini.

Jambo la pili ni maji ya rejeta. Katika kimo cha Mbeya maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100. Joto hilo halipishani sana na lile ambalo injini nzima hufanyia kazi kila siku. Kinachozuia maji yasichemke ndani ya gari ni mgandamizo unaotunzwa na mfuniko wa rejeta. Mfuniko uliolegea, ambao pwani ungeweza kuvumiliwa kwa muda, hapa huchemsha injini katika mlima wa kwanza. Injini ikishachemka mara moja, gasketi ya silinda hedi huwa mashakani, na gharama ya kifaa kidogo hugeuka kuwa gharama ya kufungua injini.

Pamoja na hayo, zipo safari ndefu. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni takriban kilometa 330 na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 800, kupitia Makambako, Mafinga na Kitonga. Upande wa Tukuyu na Kyela kuna mvua nyingi na miteremko mirefu. Barabara ya kwenda Chunya hupanda safu ya milima ya Mbeya kabla ya kushuka bondeni.

Injini moja, magari mengi

Kabla masharti ya biashara hayajalegezwa katikati ya miaka ya 1980, gari binafsi lilikuwa la watu wachache, na barabara za nyanda hizi zilijulikana kwa Land Rover na Peugeot 504. Baadaye magari yaliyotumika kutoka Japani yalifurika, hasa ya Toyota. Sababu moja ya magari hayo kuaminiwa ni kwamba kampuni hiyo ilifunga injini ileile katika magari ya majina mbalimbali.

Mfano mzuri ni injini ya 1NZ ya ujazo wa lita 1.5. Imo katika IST, Premio, Allion, Spacio, Runx na mengine kadhaa. Fundi aliyeijulia kwenye IST anaijua kwenye Premio, na spea zake hupatikana madukani Mwanjelwa au Iringa mjini bila kusubiri mzigo wa basi la usiku kutoka Kariakoo. Aidha, injini hiyo hutumia cheni ya taimingi, tofauti na injini za zamani kama 5A ya Corolla na Carina zinazotumia mkanda ambao unapaswa kubadilishwa kila kilometa 100,000. Mkanda huo ukikatika, gari husimama papo hapo, hata kama ni katikati ya mlima.

Jina zuri peke yake halitoshi. Baadhi ya Noah za mwaka 2001 hadi 2007 na RAV4 za mwaka 2000 hadi 2005 zilizotoka Japani zina injini ya lita 2 inayojulikana kama D4, ambayo hupulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa mgandamizo mkubwa. Pampu na nozeli zake hazivumilii mafuta machafu, na si kila fundi ana vifaa vya kuzipima. Anayeikuta D4 katika gari analolitaka anapaswa kuuliza mapema ni nani mjini kwake anayeitengeneza.

Tahadhari kama hiyo inahusu giaboksi. IST za toleo la kwanza zina giaboksi ya kawaida ya otomatiki yenye gia 4. Magari mengi yaliyofuata, zikiwamo Premio na Allion za kuanzia mwaka 2007, yana giaboksi ya aina ya CVT, inayohitaji oili yake maalumu. Kuitilia oili ya otomatiki ya kawaida ni kuiua polepole, na dalili huonekana wakati ambapo fundi aliyefanya hivyo hakumbukwi tena.

Kuhusu ukubwa wa injini, kodi humvuta mnunuzi upande mmoja na mlima upande mwingine. Ushuru wa bidhaa kwa magari hupanda ujazo ukizidi sentimeta za ujazo 1,000, na hupanda tena ukizidi 2,000. Ndiyo maana magari ya injini ndogo kama Vitz na Passo huwavutia wengi. Kwa anayezunguka mjini peke yake, ndogo hizo zinatosha. Kwa familia inayosafiri na watoto na mizigo kupitia Kitonga, injini ya kati ya lita 1.5 na 1.8 hufanya kazi bila kujichosha, na kutojichosha huko ndiko kudumu.

Ikumbukwe pia kuwa tangu mwaka 2017 ada ya mwaka ya leseni ya gari iliondolewa na tozo kuongezwa katika kila lita ya mafuta. Maana yake ni kwamba gari lenye kiu humlipisha mwenyewe kila linapowashwa.

Kununua kwa macho mawili

Wanunuzi wengi hupima umri wa gari kwa herufi ya kwanza kati ya tatu za mwisho wa namba. Gari la namba D huhesabiwa kuwa jipya kuliko la namba C. Ukweli ni kwamba herufi hiyo huonyesha wakati gari liliposajiliwa nchini, si mwaka lilipotengenezwa. Gari la mwaka 2003 laweza kubeba namba D, na lile la mwaka 2006 likabeba namba B. Mwaka wa kutengenezwa utazamwe kwenye kadi ya gari na uhakikiwe kwa namba ya chesisi.

Kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi nazo si ushahidi kamili, kwani zinaweza kurudishwa nyuma. Kwa gari linaloagizwa Japani, hati ya kusafirishia nje huonyesha kilomita zilizosomwa wakati wa ukaguzi wa huko, na karatasi ya mnada hutaja alama ya ubora. Herufi R kwenye alama hiyo humaanisha gari liliwahi kuharibika na kutengenezwa. Muuzaji asiyetaka kuonyesha hati hizo amekwisha kujibu swali.

Gari lililokwisha kutumika nchini lipelekwe kwa fundi asiyemjua muuzaji, na liwashwe likiwa limepoa. Moshi wa bluu unaonyesha kuwa injini inakula oili. Povu la rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili ni ishara ya maji kuingia. Uvungu utazamwe kama una kutu, kwa kuwa magari yaliyotumika sehemu za Japani zenye theluji hupita katika barabara zilizomwagwa chumvi. Mwisho, lijaribiwe kwenye mlima, likiwa limebeba watu. Gari linalobadili gia kwa mshtuko au kupandisha sindano ya joto katika jaribio hilo litafanya hivyo siku zote.

Upande wa kodi, gari lenye zaidi ya miaka 8 tangu kutengenezwa hutozwa ushuru wa uchakavu, na likizidi miaka 10 hutozwa zaidi. Anayeagiza afanye hesabu hiyo kwanza kupitia kikokotoo cha Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) kilichopo kwenye mtandao, kwa kuwa bei ya kununulia Japani peke yake hudanganya.

Hesabu ya miaka 12

Familia inayotumia kilometa 20 kwa siku kwenda kazini na shuleni, siku 300 kwa mwaka, hufikisha kilometa 6,000. Safari mbili za kwenda na kurudi Dar es Salaam kutoka Mbeya huongeza zaidi ya 3,200. Ikiwekwa na safari za karibu, jumla ni kama kilometa 10,000 kwa mwaka. Gari lililonunuliwa likiwa na kilometa 80,000 litafika 200,000 baada ya miaka 12, na hicho ni kiwango ambacho injini iliyotunzwa hukifikia bila kufunguliwa.

Ulimwengu umeshuhudia makubwa zaidi. Mmarekani Irv Gordon alinunua Volvo P1800 mwaka 1966, na mwaka 2013 akafikisha maili milioni 3, sawa na kilometa milioni 4.8, kwa gari lilelile. Dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliendesha Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1976 kwa takriban kilometa milioni 4.6 kabla ya gari hilo kupelekwa makumbusho mwaka 2004. Magari hayo hayakufika huko kwa bahati. Yalitengenezwa kabla hayajaharibika.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Oili ya kawaida ya injini na filta yake zibadilishwe kila kilometa 5,000, na kiwango chake kipimwe kila wiki kwa kijiti, gari likiwa mahali tambarare. Rejeta itiwe kulanti badala ya maji ya bomba, ambayo hutia kutu njia za ndani. Katika baridi ya Juni na Julai, hasa kwa wanaosafiri kwenda Makete na Kitulo, kulanti huzuia pia maji yasigande. Filta ya hewa isafishwe mara kwa mara kiangazi, kwa sababu ya vumbi la barabara za vijijini.

Oili ya breki husahaulika zaidi ya vyote. Oili hiyo hunyonya unyevu kutoka hewani, na ikishachanganyika na maji huchemka mapema breki zinapopata moto. Hapo kanyagio huzama hadi chini na gari halisimami. Ibadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama gari halijatembea sana. Kuhusu matairi, tarakimu nne za mwisho katika maandishi ya ubavuni hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa. Tairi lenye 3522, kwa mfano, lilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri laweza kuwa limezeeka.

Jambo lingine ni daftari. Kila huduma iandikwe tarehe, kilomita, kilichobadilishwa na risiti. Daftari hilo humzuia fundi kurudia kazi iliyokwisha kulipiwa, na siku ya kuuza humpa mnunuzi sababu ya kuongeza bei.

Mteremko haukumbatiwi kwa breki

Uimara wa gari hauna maana kama dereva hajui kushuka. Katika mteremko mrefu, dereva anayekanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zikose nguvu. Kanuni ya zamani ya madereva ni kushuka kwa gia ambayo ungepandia. Wenye magari ya otomatiki nao waitii, kwa kuhamisha gia kutoka D kwenda 3, 2 au L, na katika baadhi ya CVT kwenda B au S, ili injini yenyewe izuie mwendo. Kushusha mlima kwa fluu ili kuokoa mafuta ni kucheza na maisha.

Miteremko ya mikoa hii haisamehe. Ajali ya Igawilo, Mbeya, ya Julai 2018, ambayo lori liliyagonga magari ya abiria mteremkoni na kuua watu wengi, bado inakumbukwa. Gari la familia halina uzito wa lori, lakini breki zake hufuata sheria zilezile za joto. Stika ya ukaguzi wa usalama barabarani kwenye kioo haichukui nafasi ya kufungua magurudumu na kutazama pedi kabla ya safari.

Lini liachwe

Gari likizeeka, mwenye nalo hufikia mahali pa kujiuliza kama aendelee. Kubadilisha shokapu, bushi, rejeta au klachi si sababu ya kuliuza, kwa kuwa hivyo ni vitu vinavyokwisha kwa kawaida, na gari la mtumba linalofuata huenda likavihitaji pia. Sababu ya kweli ni kutu iliyokula chesisi, au injini na giaboksi kudai fedha kwa wakati mmoja, au usalama ambao hauwezi kurudishwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mwenye gari wa Nyanda za Juu Kusini, ufa ni mfuniko wa rejeta uliolegea, oili iliyopitiliza kilomita zake na breki zinazopiga kelele. Kabla ya kutoka tena kwenda Kitonga, vitatu hivyo vitazamwe, injini ikiwa imepoa na watoto wakiwa bado hawajapanda.